Besi Haipimwi kwa Mtikisiko wa Ukuta

Katika bendi za vijana na vikundi vya kwaya vya mjini Songea, kuanzia Lizaboni na Bombambili hadi Mfaranyaki na Msamala, imeota mizizi imani kwamba besi nzuri ni ile inayotikisa ukuta, na kwamba kikundi kisicho na spika za kutikisa hakina besi, hata kama gitaa lipo na anayelipiga anaijua kazi yake. Imani hiyo haikuzaliwa jukwaani. Ilianzia sebuleni, ambako sabufa, yaani spika iliyotengenezwa kwa ajili ya sauti za chini peke yake, ndiyo imekuwa kipimo cha redio ya maana. Kutoka hapo ikapita kwenye baa, kwenye harusi na sherehe za kipaimara, hatimaye ikatua katika chumba cha mazoezi, ambako kijana anayeshika gitaa la besi kwa mara ya kwanza huulizwa kama sauti yake inagonga kifua kabla ya kuulizwa kama anaingia kwa wakati. Ni imani potofu, na gharama yake hulipwa na vikundi ambavyo huchangishana kwa miezi mingi ili kununua kitu ambacho hakitavisaidia.

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne, na uzi wake mnene kuliko yote, unaoitwa E, ukipigwa bila kubanwa hutetema takribani mara 41 kwa sekunde, wakati uzi mnene wa gitaa la solo hutetema mara 82. Lakini uzi hautoi mtetemo mmoja peke yake, kwa kuwa pamoja na ule wa 41 hutoka mingine iliyo juu yake, ya takribani 82, 124, 165 na kuendelea, na ubongo wa binadamu huitumia hiyo ya juu kuitambua noti, kiasi kwamba hata mtetemo wa chini kabisa ukikosekana, msikilizaji bado huisikia noti ile ile. Kinachotikisa ukuta, basi, ni sehemu ndogo tu ya sauti ya besi, nayo ndiyo sehemu inayobeba habari chache kuliko zote: haimwambii msikilizaji noti imeanza lini, imekwisha lini, wala kama kidole kimeuvuta uzi kwa ukali au kwa upole. Habari hizo zote zimo katika mitetemo ya juu, na mtu anayezungusha kitasa cha amplifaya ili kuongeza sauti za chini na kupunguza za kati, kama inavyofanyika karibu kila mahali, huwa anaufuta upigaji na kubakiza ngurumo.

Ushahidi ulio bora kuliko maelezo ya kimaabara uko katika kumbukumbu ya taifa zima. Kwa miongo kadhaa, nyimbo za bendi za Tanzania zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, mara nyingi bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na wasikilizaji wa Songea, wa Namtumbo na wa Mbinga walizipokea kupitia redio ndogo za betri ambazo spika zake hazikuwa na uwezo wowote wa kutoa mtetemo wa 41. Hata hivyo watu hao walizijua besi za nyimbo hizo kwa kichwa. Waliziimba kwa mdomo shambani, wakazipigisha miguu, na vijana wengi walijifunza gitaa kwa kuzifuata noti baada ya noti. Kama besi ingekuwa mtikisiko, kizazi hicho chote kisingekuwa kimewahi kuisikia.

Walichokisikia kilikuwa mpangilio. Muziki wa dansi ulijengwa juu ya magitaa kadhaa yanayozungumza, la solo, la pili yake, la ridhimu na la besi, kila moja likiwa na mwendo wake mfupi unaorudiwa, na ustadi wa mpiga besi ulikuwa kujua ni wapi asipige, kwa sababu mapengo aliyoyaacha ndiyo yaliyowapa wengine nafasi ya kusikika. Wimbo unapotoka kwenye sehemu ya mashairi na kuingia kwenye chemko, yaani sehemu ya mwisho yenye kasi ambapo magitaa huachiwa uwanja na wachezaji hujaa sakafuni, ni besi inayobadilisha mwendo na kuwavuta wengine wote nyuma yake. Anayesikiliza rekodi za NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, au za Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978, atakuta besi inayotembea, inayosita, inayoruka mdundo mmoja kisha kuurudia, na hatakuta popote ile ngurumo isiyokatika ambayo leo inahesabiwa kuwa ukamilifu. Hali ni hiyo hiyo katika albamu ya Songs for the Poor Man ya mwaka 1989, kazi ya Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila, bendi ambayo watu wa Ruvuma wana sababu ya kuikumbuka kwa karibu, kwani jina lake ni lile lile la Matimila iliyoko wilayani Songea: besi yake ni nyepesi na iko wazi, na nyimbo zimesimama juu yake bila kuyumba.

Inafaa kueleza kwa nini imani ya vyombo vikubwa ilipata nguvu, kwa maana wanaoishikilia si wajinga. Bendi kubwa za zamani zilimilikiwa na taasisi, kama vile vyama vya wafanyakazi, viwanda, jeshi, polisi na mashirika ya umma, na vyombo vilikuwa mali ya taasisi, si ya wanamuziki. Aliyekuwa na vyombo ndiye aliyekuwa na bendi, na mwanamuziki aliyehama aliondoka mikono mitupu. Katika mazingira hayo ilikuwa sahihi kabisa kusema kwamba tatizo la vijana wa mkoani ni vyombo. Lakini usemi huo umeendelea kurudiwa wakati magitaa na amplifaya vinauzwa madukani, na umegeuka kuwa kificho cha tatizo jingine, la upigaji, ambalo hakuna mchango wowote wa fedha unaoweza kuliondoa.

Chumba kinastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko spika. Kumbi nyingi za Songea, ziwe za parokia, za shule au za sherehe, zina sakafu ya saruji, kuta za matofali zilizopigwa lipu na paa la bati, na ndani ya ukumbi wa namna hiyo sauti inaweza kuendelea kuvuma kwa sekunde mbili au zaidi baada ya kupigwa. Wimbo wenye midundo 120 kwa dakika una midundo miwili katika kila sekunde. Kwa hiyo noti ya besi iliyopigwa kwenye mdundo wa kwanza bado inavuma ukumbini wakati mdundo wa nne unapita, na juu yake zimeshapandiana noti nyingine tatu. Kuongeza sauti hapo ni kuongeza mvurugano. Dawa ni kinyume chake: mpigaji afupishe noti kwa kuuzima uzi kwa kiganja au kwa kulegeza kidole cha mkono wa kushoto, apige noti chache, na kitasa cha sauti za chini kirudishwe nyuma hadi mwimbaji aweze kusikika maneno yake.

Chumba kidogo cha mazoezi kina hila yake. Wimbi la sauti la uzi wa E lina urefu wa zaidi ya mita nane, na katika chumba chenye upana wa mita nne na kidogo, nusu ya wimbi hilo hulingana na umbali wa ukuta hadi ukuta, hivyo sauti hujirundika kutani na kupotea katikati. Mpiga besi aliyesimama katikati ya chumba cha aina hiyo hujiona hasikiki, akaongeza sauti, huku mpiga ngoma aliyekaa kwenye kona akizidiwa na ngurumo. Wawili hao hugombana kwa dhati, na kila mmoja anasema kweli kuhusu kile kinachofika masikioni mwake. Kabla ya kikundi kuamua kwamba amplifaya haifai, mpigaji atembee hatua mbili kuelekea ukutani na amplifaya isogezwe mbali na kona. Zoezi hilo halina gharama.

Kuna kosa jingine, la kwaya hasa, ambalo limezoeleka mno hata halionekani tena kuwa kosa. Kinanda cha umeme kinachotumika kanisani kina midundo iliyopangwa tayari, na ndani ya midundo hiyo imo ngoma na imo besi. Mpiga kinanda huiwasha, na wakati huo huo mkono wake wa kushoto hupiga noti za chini, halafu pembeni yake anasimama kijana mwenye gitaa la besi akipiga njia yake ya tatu. Besi tatu hupigwa kwa pamoja, hazianzi kwa wakati mmoja wala hazikubaliani juu ya noti, na matokeo yake husemwa kuwa spika ni dhaifu. Kikundi kikizima besi ya kinanda, na mpiga kinanda akauacha mkono wake wa kushoto upumzike, gitaa la besi lililokuwa likilaumiwa husikika kwa vyombo vile vile vilivyokuwapo jana.

Hakuna anayekana kwamba besi inahitaji nguvu kubwa ya umeme kuliko solo. Wanasayansi wa Marekani Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio hupokea sauti za chini kwa uhafifu kuliko za kati, na ndiyo maana amplifaya ya besi hutengenezwa ikiwa na wati nyingi zaidi, na ndiyo maana pia si busara kuchomeka besi kwenye amplifaya ndogo ya solo, ambayo karatasi ya spika yake inaweza kuchanika. Lakini hesabu ya wati ina tabia ambayo wauzaji hawaisemi: kutoka wati 100 hadi wati 200 ongezeko ni desibeli tatu tu, tofauti inayosikika kwa shida, na ili sauti ionekane kuwa kubwa mara mbili nguvu inabidi iongezwe takribani mara kumi. Kikundi kinachouza amplifaya yake ya wati 100 ili kiongezee fedha na kununua ya wati 200 kimelipa sana na kupata kidogo. Na mtu anayeilazimisha amplifaya kupita uwezo wake huanza kuvikata vichwa vya mawimbi ya sauti, mkwaruzo ukaingia, na joto linalozalishwa likaunguza spika. Hapo lawama hutupiwa umeme.

Umeme wenyewe umebadilika. Mwaka 2018 Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta za dizeli, na malalamiko mengi ya zamani hayana tena uzito uleule. Kilichobaki ni uzembe wa ndani ya kumbi: soketi isiyo na waya wa ardhi, yaani ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, huleta mvumo usiokoma katika besi, na jambo lililo zito zaidi, umeme unaweza kumpiga shoti mpigaji aliyeshika nyuzi huku mdomo wake ukigusa maikrofoni ya chuma. Fedha ya kumlipa fundi wa umeme inapaswa kutangulia fedha ya spika yoyote.

Hoja yenye nguvu ya wapinzani ni kwamba hadhira inataka mtikisiko, na kwamba bendi isiyotikisa itanyang'anywa harusi na DJ. Ni kweli kwamba DJ anatikisa, lakini anatikisa kwa besi iliyokwisha kupimwa, kubanwa na kusawazishwa studio, kila noti ikiwa na ukubwa sawa na mwenzake. Bendi ya wapigaji watano haiwezi kumshinda katika mchezo huo hata ikimiliki sabufa za lori zima. Inachoweza kufanya, na DJ hawezi, ni kuongeza chemko wachezaji wanapokolea, kupunguza mwendo bibi harusi anapoingia, na kumjibu mtu anayecheza mbele ya jukwaa. Nguvu hiyo yote iko mikononi mwa mpiga besi na mpiga ngoma. Ruvuma si mahali pa kufundishwa jambo hilo upya, kwa kuwa katika mchezo wa mganda wa watu wa Ziwa Nyasa ngoma kubwa imekuwa ikiongoza hatua za safu nzima ya wachezaji bila umeme.

Madhara makubwa ya imani hii yanaonekana katika uteuzi wa mpigaji. Kwa kuwa besi inachukuliwa kuwa kazi ya spika, gitaa lake hukabidhiwa aliyeshindwa solo, au aliyechelewa kujiunga, kwa matumaini kwamba mtikisiko utamfunika. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown huko Detroit, alitumia kidole kimoja cha mkono wa kulia na nyuzi kuukuu ambazo hakupenda kuzibadilisha, na studioni gitaa lake lilichomekwa moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodia. Dunia nzima ikamsikia. Alikuwa mwanamuziki aliyeijua njia ya kila sauti katika wimbo. Mtu wa namna hiyo ndiye anayestahili kutafutwa kwanza katika kikundi, na aliye bora kati ya wapiga solo ashawishiwe kuhamia huko.

Kamati za vyombo, basi, zingefanya vizuri kulipeleka gitaa la besi lililopo kwa fundi anayejua kunyoosha shingo, ili nyuzi zisikae juu mno na kuvichosha vidole, na noti za juu zisitoke nje ya tuni. Zinunue waya mzuri wa kuchomekea. Na katika kila wiki zitenge kipindi ambacho besi na ngoma hufanya mazoezi peke yao, kwa sauti ndogo kiasi kwamba mtu aliye kando anaweza kuzungumza bila kupaza sauti. Kikundi kitakachofanya hivyo kwa miezi mitatu kabla ya kupitisha bakuli la mchango wa spika kitakuwa angalau na uwezo wa kumweleza muuzaji ni kitu gani hasa kinachokosekana.