Sauti Mbili, Magitaa Mawili: Nani Atauhakiki Wimbo Mzima?

Katika tasnifu zetu za fasihi simulizi kuna mazoea yaliyokwisha kuwa kama sheria. Mtafiti huuchukua wimbo, huyanakili maneno yake, huyapanga katika beti, kisha huingia kazini: dhamira, maudhui, nafsineni, tamathali za usemi. Ala na sauti hutajwa katika aya moja ya utangulizi na kuagwa papo hapo. Mtazamo wangu ni kuwa mazoea haya yanatunyima baadhi ya nyimbo bora kabisa za Kiswahili zilizopata kupendwa katika Bonde la Ufa. Mfano ulio wazi zaidi ni nyimbo za Mwenda Jean-Bosco na binamuye, Edouard Masengo.

Wawili hawa walitoka Katanga. Hugh Tracey alimrekodi Mwenda mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Baadaye wote wawili walifika Nairobi, wakafanya kazi na Peter Colmore, wakipiga muziki na kuimba matangazo ya biashara. Mtindo wao wa gitaa kavu ulipata masikio mengi Nakuru, Njoro na Molo, katika nchi ya mashamba makubwa ambako Mluhya, Mkikuyu, Mkipsigis na Mjaluo walifanya kazi bega kwa bega na kuelewana kwa Kiswahili. Wimbo huo haukuwa wa kabila lolote. Katika eneo lililoshuhudia umwagaji damu wa mwaka 1992 na ule wa 2007–2008, hilo si jambo dogo.

Sasa tuyaweke maneno ya nyimbo hizo katika mizani yetu ya kawaida. Aghalabu ni machache, hurudiwarudiwa, na Kiswahili chake ni cha Katanga, ambacho upatanisho wake wa kisarufi ungemmalizia wino mwekundu msahihishaji yeyote wa mtihani wa kidato cha nne. Mhakiki wa maneno atazipa alama hafifu na kwenda zake. Wapenzi wa nyimbo hizo, ambao wengi wao sasa ni wazee, hawaanzi na maneno. Watakueleza jinsi kidole gumba kinavyotembea kwenye nyuzi nene huku kidole cha shahada kikifuma kiimbo juu yake, hata msikilizaji mgeni akadhani wapigaji ni wawili mahali alipo mmoja. Watakuonyesha sauti ya pili inapoingia, na jinsi inavyoandamana na ya kwanza bila kuikanyaga. Huo ni uhakiki, tena wa makini, ila haujaandikwa.

Wazee hao hao ndio utakaowakuta wakibishana juu ya Jim Reeves na Don Williams, nao vijana huwacheka kwa kupenda muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani. Kicheko hicho hakina msingi. Mwaka 1950, huko Kapkatet, Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba juu ya Chemirocha, kwa ala ya nyuzi ya jadi. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka 1933, jina lake likiwa limevishwa matamshi ya Kikipsigis. Si maneno ya Kiingereza yaliyomfikisha Rodgers katika wimbo wao. Ni sauti na gitaa.

Yamkini mtu atasema kuwa sauti na gitaa ni kazi ya idara ya muziki. Wanamuziki wamekwisha kuifanya sehemu yao: mwanzoni mwa miaka ya 1960 David Rycroft alichapisha uchanganuzi wa kina wa upigaji wa Mwenda katika jarida la African Music. Wao walichukua gitaa, sisi tukajitengea maneno, na wimbo wenyewe ukabaki bila mwenyewe. Isitoshe, sisi tunaohesabu mizani na vina tangu kidato cha kwanza, tunaojua kuwa utenzi una mahadhi yake, tuna ujasiri gani wa kudai kwamba sauti si shughuli yetu? Arudhi ni nini kama si elimu ya masikio?

Ninachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Tasnifu yoyote inayochanganua wimbo iwasilishwe pamoja na rekodi yake, na iwe na sura nzima, wala si aya, inayoeleza sauti zinavyopokezana na ala inavyosema. Mtafiti asiyejua kupiga gitaa akae na anayejua. Maoni ya wasikilizaji wa Njoro na Bahati yanukuliwe kama tunavyowanukuu wahakiki wengine, kwa heshima ile ile, na yakusanywe sasa wangali hai. Naye mtahini asiyekuwa na nafasi ya kuusikiliza wimbo wa dakika tatu aombwe kumpisha mwenzake aisome tasnifu hiyo.