BUSTANI YA MAMA: Kitunguu cha mbegu, tukitoe kwetu



Mvua ya mwezi wa tisa ikianza, kila mmoja anatafuta kitunguu cha kupanda. Ukifika soko la Mudaka siku hiyo, unalipa bei unayoambiwa. Asiye na pesa anangoja, na anayengoja anavuna wakati soko limejaa. Hapo ndipo pesa ya masomo ya watoto inapotea. Dawa yake inaanza sasa, mwezi wa tatu na wa nne: tusie mbegu wenyewe, tupate vitunguu vidogo vya kuhifadhi mpaka mwezi wa tisa.

Kwanza, mbegu. Kitunguu kinafunga kichwa kwa kufuata urefu wa mchana. Aina nyingi za Ulaya kaskazini zinataka mchana wa saa 14 au zaidi. Sisi Lwiro tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima. Ukisia hizo, utapata majani tu. Uliza Red Creole, inazoea kwetu. Soma tarehe kwenye kopo, kwa sababu mbegu ya kitunguu inachoka haraka, mwaka mmoja au miwili basi. Afadhali kikundi kinunue kopo moja na kugawana, kuliko kila mama kubaki na nusu kopo inayokufa nyumbani.

Pima kabla ya kusia: funga mbegu 20 katika kitambaa chenye maji, uache siku kumi. Zikiota chini ya 10, usipoteze mbolea yako.

Kitalu cha mita 1 kwa mita 2 kinatosha. Tia mbolea iliyooza vizuri, si mavi mabichi. Chora mistari kila sentimita 10, usie mbegu moja kila sentimita, kina cha sentimita 1. Hizo ni mbegu karibu 2.000. Hata nusu ikipotea, unabaki na vitunguu 1.000, vya kupanda shamba la mita 20 za mraba.

Usipunguze miche! Msongamano ndio unaofanya vitunguu vibaki vidogo, na ndivyo tunavyovitaka. Palia kwa mkono tu, majani ya porini yasivishinde.

Kiangazi kikifika, majani yataanza kulala. Acha kumwagilia. Ng'oa, anika kivulini mpaka shingo zikauke kabisa, kisha chagua. Vya sentimita 2 kushuka ni vya kupanda. Vikubwa zaidi vipeleke jikoni, maana vikipandwa vinapenda kutoa maua badala ya kichwa. Vilivyooza au vyenye shingo laini viondoe, kimoja kinaharibu kikapo kizima.

Tundika kikapo mahali pakavu penye hewa, usifunge kwa plastiki. Kila juma pitisha mkono ndani, utoe kilicholainika.

Mwezi wa tisa, panda kila kimoja sentimita 10 na jirani yake, mistari sentimita 20, ncha ionekane juu ya udongo. Kwa vile kichwa kimeshaanza, kinatangulia miche ya kitalu, na unaweza kuwa sokoni kabla ya Noeli.

Kwenye mkutano ujao, kila kikundi kiseme kitahitaji mbegu kiasi gani, tununue pamoja.