Malazi Bujumbura: Jiko la chumbani linavyookoa dola za mfanyabiashara

BUJUMBURA. Mfanyabiashara anayeingia Bujumbura akitokea Kigoma, Kampala au Uvira hukutana na maswali mawili kabla hajauza hata doti moja ya kitenge: atalala wapi, na atalipa kwa fedha gani. Wengi hulifikiria sana la kwanza, lakini la pili ndilo linaloamua atarudi nyumbani na faida kiasi gani.

Mutanga Nord, mtaa wa makazi tulivu usio mbali na katikati ya jiji, ni mojawapo ya sehemu zenye hoteli za mtindo wa fleti: mgeni hupewa chumba cha kulala, sebule na jiko lake. Zamani wateja wa hoteli za aina hii walikuwa hasa watumishi wa mashirika na wageni wa serikali. Kwa mfanyabiashara, bei ya usiku mmoja inaweza kuonekana kubwa akiilinganisha na gesti ya Buyenzi, ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku na soko la Ruvumera liko karibu. Hata hivyo, hesabu ya safari nzima inaweza kutoa jibu jingine.

Fedha moja, bei mbili

Hoteli za kiwango hiki huandika bei zake kwa dola za Marekani, na mgeni asiye mkazi wa Burundi hutakiwa kulipia malazi kwa fedha za kigeni. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu dola ina bei mbili nchini Burundi. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kutoka takriban 2,000 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola moja, ikitarajia kuziba pengo kati ya bei ya benki na ya mitaani. Pengo halikuzibika. Mwaka 2025 bei ya benki ilikuwa ikikaribia faranga 3,000, huku mitaani dola ikivuka 7,000.

Chukua mfano wa chumba cha dola 60 kwa usiku. Siku tano ni dola 300. Kwa kiwango cha faranga 2,900 za benki, hizo ni faranga 870,000. Kwa kiwango cha 7,000 ni faranga 2,100,000. Aliyetoka nyumbani na dola zake za malazi hajali tofauti hiyo. Aliyekuja na mzigo tu, akauza kwa faranga na kutegemea kulipa hoteli kutokana na mauzo, ndiye anayeumia: dola za benki ni adimu, na za mitaani, mbali na kuwa ghali, ni biashara isiyotambuliwa na sheria. Mtaji wake unaweza kuliwa na kitanda.

Kwa sababu hiyo jiko lililo chumbani lina thamani kuliko linavyoonekana. Chakula cha hoteli hufuata bei ya hoteli. Ndagala, mchele, maharage na ndizi za sokoni huuzwa kwa faranga, zile zile ambazo mfanyabiashara amezipata kwa kuuza mzigo wake na ambazo hazina kazi kubwa akishavuka mpaka. Anayepika mwenyewe huhamisha sehemu ya gharama zake kutoka kwenye dola kwenda kwenye faranga. Wakiwa wawili au watatu wanaochangia chumba chenye sebule, bei ya kichwa kimoja inaweza kukaribia ile ya gesti, nao wanabaki na mlango wa kufunga na mahali pa kuhesabia fedha bila macho ya watu.

Katikati ni wapi?

Sifa ya pili inayotangazwa na hoteli hizi ni kuwa karibu na katikati ya jiji. Kwa mtalii au mjumbe wa mkutano, neno hilo linaeleweka. Kwa mchuuzi lilibadilika maana tarehe 27 Januari 2013, moto ulipoteketeza soko kuu la Bujumbura. Tangu hapo biashara imetawanyika: wengine wako soko la COTEBU huko Ngagara, wengine Ruvumera, na wauzaji wa jumla wengi wako mtaa wa Asiatique. Hakuna hoteli iliyo karibu na sehemu hizo zote.

Umbali huo usingekuwa tatizo kama kungekuwa na mafuta. Burundi imepitia miaka kadhaa ya uhaba wa petroli na dizeli, na chanzo chake kikubwa ni kile kile cha tatizo la hoteli: ukosefu wa fedha za kigeni za kuagizia. Kituo kikikauka, nauli ya teksi hupanda, na safari ya kilomita chache inaweza kula asubuhi nzima. Jenereta ya hoteli nayo inategemea dizeli. Anayelala Mutanga Nord anapata utulivu wa usiku, lakini yampasa apange kwenda masoko ya upande mmoja kwa siku moja, au akubaliane na dereva mmoja bei ya kutwa.

Kinachokosekana kwenye Jumuiya

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja, inayogusa pia biashara ya huduma, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Jumuiya ina hata vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli kwa madaraja, vikiwamo vya fleti za wageni. Pamoja na hayo, Mtanzania na Mrundi wanaofanya biashara ya dagaa bado wanahitaji dola ya Marekani ili mmoja amlipe mwenzake kitanda. Itifaki ya Umoja wa Fedha ilisainiwa tarehe 30 Novemba 2013 ikilenga sarafu moja ifikapo 2024. Sasa lengo limesogezwa hadi 2031.

Kusubiri mwaka huo ni anasa ambayo mwenye mzigo mpakani hana. Kwa sasa kinga yake ni maandalizi: kutenga dola za malazi kabla ya kuondoka, zikiwa noti safi, maana zilizochakaa hukataliwa mara nyingi, kuuliza kwa simu kama bei ni ya chumba au ya kichwa, kama jiko ni la gesi au la umeme, na kama jenereta huwashwa usiku kucha, na kudai risiti inayoonyesha sarafu aliyolipia.

La muhimu zaidi ni kuhesabu siku. Mzigo ukikwama Kobero kwa siku tatu, mwenyewe akiwa tayari Bujumbura, chumba cha dola 60 kimeshameza dola 180 bila kuuza chochote. Afadhali kuingia mjini baada ya karatasi za mzigo kukamilika kuliko kuusubiri sebuleni, hata sebule iwe nzuri namna gani.