Picha Nazo Zina Wenyewe

Wataalamu waliokusanya mimea huko Amani, tangu kituo kilipofunguliwa mwaka 1902, walishika desturi moja: jani lililokaushwa huandikiwa jina la aliyelichuma, mahali na tarehe. Hata ua dogo la Usambara lilipewa mwaka 1893 jina la ukoo wa Mjerumani aliyelipeleka Ulaya. Jani lina mchumaji wake. Picha ya Mtanzania yanyimwa mchoraji!

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Huko, yapata mwaka 1968, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi za kupaka baiskeli. Mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi. Aliacha wanafunzi, miongoni mwao January Linda, Ajaba Abdallah na Simon Mpata, kila mmoja na mkono wake. Leo wachuuzi huziita kazi zao zote, hata za wanafunzi wa wanafunzi wao, "Tingatinga". Mtindo na uitwe hivyo, haidhuru. Kazi ni jambo jingine. Tena zimeonekana picha zenye sahihi ya marehemu ambazo hakuzigusa kamwe.

Wapo wanaojitetea kwamba sanaa ya Mwafrika ni mali ya jumuiya, haina mwenyewe. Hoja hiyo imevaa joho la ujamaa, lakini ndani yake mna dharau. Ushirika haufuti majina ya wanachama, huyaandika daftarini. Nani angethubutu kuyaita mashairi yote ya Tanga kuwa ya Shaaban Robert? Washairi wa pwani hii wamezoea kujitaja katika beti za mwisho, wala hakuna aliyewaita wachoyo.

Mwaka huo huo wa 1968 Waholanzi waliunda jopo la kuzichunguza picha za Rembrandt moja moja: ubao, turubai, rangi, mkokoto wa brashi. Nyingi zikaamuliwa kuwa si zake, na baadhi ya wanafunzi wake wakarudishiwa kazi zao. Jicho la namna hiyo laweza kufunzwa darasani. Mwalimu na aweke picha mbili za chui, aulize: madoa yamepangwaje? Nyuma ya mnyama pameachwa wazi au pamejazwa? Kisha picha zigeuzwe. Pasipo na jina paandikwe "mchoraji hajajulikana", si "Tingatinga".