Tahadhari: Kufaulu Si Kuwa Tayari

Mama ametoka mtaani Kabiria, Nairobi, asubuhi, mtoto mgongoni. Mtoto ana joto. Uzani wake kilo 8. Kwenye dirisha la dawa anapokewa na kijana mwenye koti jeupe jipya. Ni mwanafunzi wa famasia, wiki ya kwanza ya atachimenti, yaani mazoezi ya kazi.

Cheti cha dawa kimeandikwa parasetamoli.

Mtoto wa kilo 8 hupewa miligramu 120 hivi kwa dozi, yaani 15 kwa kila kilo. Chupa ikiwa ya miligramu 120 katika mililita 5, hicho ni kijiko kimoja cha dawa. Lakini kuna chupa ya 250 katika mililita zizo hizo 5. Tena kuna matone ya watoto wachanga: mililita 1 tu inaweza kuwa na 100. Kijana akishika matone na kuandika "kijiko 1 mara 4", mtoto atameza miligramu 2,000 kwa siku. Ini lake huenda lisihimili.

Hofu hii si ya kubuni. Mwaka 2011 watengenezaji wa Marekani walianza kuyaondoa matone hayo makali madukani, kwa sababu watu walikuwa wakichanganya vipimo.

Kijana huyu amefaulu mtihani wa karatasi. Kufaulu si kuwa tayari.

Kuna dawa ya methotrekseti pia. Mgonjwa wa baridi yabisi huimeza mara moja kwa wiki. Ikiandikwa "kila siku", uboho huacha kutengeneza damu. Neno moja tu.

Shahada ya famasia katika Chuo Kikuu cha Nairobi ni miaka 5, kisha mwaka wa mafunzo kazini. Wengi hutegemea kwamba mwaka huo wa mwisho ndio utakaomnoa kijana. Mgonjwa aliye dirishani leo haungoji mwaka huo.

Tukinyamaza, kosa litaenda nyumbani na mama. Mtoto akizidiwa, mama atasema ni malaria. Hakuna atakayeliandika kosa popote. Kijana hataambiwa, na mwakani yeye ndiye atakayewaelekeza wenzake wapya. Hivyo ndivyo kosa linavyoambukizwa.

Siwalaumu wanafunzi. Wanasimamishwa pale na watu wazima.

Basi wapimwe kabla ya kufika dirishani, kwa mikono na kwa mdomo. Wapewe cheti chenye mwandiko mbaya wakisome. Wapewe chupa tatu zinazofanana wachague. Wamweleze mama dozi kwa Kiswahili chepesi, kisha mama aseme upya alivyosikia. Na hesabu ya dozi isiwe na alama 50 ya kupita. Ni sahihi au si sahihi. Aliyekosa arudie, asiende dirishani.

Akifika, atazame kwanza. Kisha afanye akitazamwa. Mfamasia aliyesajiliwa aangalie kila chupa kabla haijavuka dirisha, hata foleni iwe ndefu namna gani. Na mwanafunzi akisema "sijui, ngoja niulize", asichekwe. Hilo ndilo jibu ninalolitamani kuliko yote.

Nawe mama wa Kabiria, usiondoke na chupa kabla hujauliza: ni mililita ngapi, mara ngapi, na ni nani mwingine ameiangalia?