Moshi ipi? Na position ipi?

Huku Moshi mlima umejifunika mawingu tangu asubuhi, na mimi nina la kusema kuhusu CSS. Wa sosholojia msikimbie, litawagusa na nyie.

Maelezo rasmi ya CSS yana lugha yake ya kuonyesha propati inakubali thamani zipi. Ukikuta <position>, hiyo ni aina ya thamani: mahali pa kuweka kitu ndani ya kisanduku, mfano left, center au 20% 50%. Ukikuta <'position'>, yenye nukuu, hapo wanataja propati position, yaani thamani inazokubali yenyewe: static, absolute, fixed na wenzake. Jina moja, vitu viwili mbalimbali, na mlinzi pekee ni vinukuu viwili vidogo kama chawa. Halafu tunashangaa watu darasani wanakopi na kupesti bila kusoma!

Sisi wa hapa tatizo hili tunalijua. Mwaka 1911 reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilipofika huku chini, kituo kiliitwa Neu-Moschi, yaani Moshi Mpya, kwa sababu Moshi yenyewe ilikuwa kule juu mlimani, alikokuwa ametawala Mangi Meli. Leo je? Mgeni kabaki na jina, mwenyeji anaitwa Old Moshi. CSS nako hivyo hivyo: propati position ilikuwepo tangu CSS2 ya mwaka 1998, aina ya <position> ikaja baadaye, na mkubwa ndiye anayevalishwa nukuu.

Kuna watakaosema muktadha unatosha. Kwa konda wa daladala sawa, akikosa kukuelewa atakuuliza. Maandishi kwenye skrini hayaulizi mtu, na anayejifunza peke yake usiku hana wa kumuuliza.

Mimi naona aina ile ingepewa jina lake tangu mwanzo. Jina limeshaenea, basi. Ila sisi tunaoandika notsi za CSS kwa Kiswahili bado tuna nafasi. Jamani, tusiziite zote mbili "nafasi"! Propati iwe "namna ya kukaa", aina iwe "mahali". Tukizembea, wadogo zetu watarithi utata mara mbili: wa Kiingereza, na huu wa kwetu.

Mnasemaje wadau? Ngoja niwahi kipindi.