Zimwi Halikupita Njia ya Bagamoyo



Umezuka mchezo. Watu huchukua picha ya kale, picha ya kweli ya misafara, wakaitia katika kompyuta, na nyuma ya wapagazi wakaongeza dude lenye pembe na meno kama majembe. Wenyewe huuita sanaa. Sisi twasema sanaa ni njema, lakini sura za wazee wetu si ukuta wa kuchorea mazimwi.

Hatuyachukii mazimwi. Sote tumelelewa nayo kando ya moto. Lakini bibi aliposema "Paukwa", hata mtoto mdogo alijua kuwa sasa ni hadithi. Picha ya historia haina paukwa. Picha ni shahidi, na shahidi hatiwi maneno kinywani.

Sisi wa Tabora twaujua mchezo huu tangu zamani. Mwaka 1871 Stanley alifika Kwihara, akaungana na Waarabu wa Unyanyembe kumpiga Mirambo. Wakashindwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 Mirambo akawa jambazi la kutisha. Mwaka 1876 wakakutana uso kwa uso. Kumbe! Stanley akamkuta mtu mpole mwenye adabu, wakachanjiana damu wakawa ndugu, na mwenyewe akakiri kuwa huyu siye aliyemdhania. Mirambo hakuwa malaika. Alipiga vita na kuchoma vijiji. Lakini alikuwa mtu. Zimwi lilikuwa katika kalamu ya mgeni.

Mtu atatuuliza, "Je, biashara ya watumwa haikuwa uzimwi?" Ilikuwa uovu mkubwa, na ndiyo sababu twakataa. Waliowatia watu minyororo walikuwa watu wenye majina, wenye daftari za hesabu, wageni na baadhi ya watemi wetu wenyewe. Ukiwachora pembe umewasamehe, kwa maana zimwi haliulizwi faida ilikwenda wapi.

Na mpagazi Mnyamwezi je? Huyu alikuwa mfanyakazi wa ujira. Alibeba frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, toka Unyanyembe mpaka pwani, mwendo wa kilometa 800 na zaidi, na akipunjwa posho alijua kuutua mzigo. Mtoto akiona dude nyuma yake atalitazama dude. Mpagazi hatamwona kabisa. Hiyo ndiyo hasara yetu.

Basi walimu, wapelekeni watoto Kwihara wakaione nyumba ya makumbusho, kisha wawaulize wazee majina ya waliopita njia ile. Wasanii, tunawahitaji: mchoreni mpagazi, mchoreni mama aliyempikia, mchoreni mtumwa aliyetoroka. Anayetaka zimwi na achukue karatasi yake nyeupe, aandike chini: hadithi.

Wazee wetu walibeba mizigo ya kutosha. Tusiwatwike na mazimwi.